Hewa Ukaa, Polima na Maji ya Visima

Mtungi mwekundu wa kuzimia moto wenye mdomo mpana mweusi, aina inayotundikwa karibu na mitambo ya umeme katika maghala ya Chang'ombe na ofisi za Mwenge, hujazwa hewa ukaa, yaani kabonidioksidi, iliyogandamizwa hadi ikawa kimiminika. Hata hivyo, mchana wa Februari, joto la Dar es Salaam linapopita nyuzi 31 za Selsiasi, kilichomo ndani ya mtungi huo si kimiminika tena, na wala hakijarudi kuwa gesi ya kawaida. Hewa ukaa ina nukta ya kikomo, ambayo ni joto la nyuzi 31.1 pamoja na mgandamizo wa takribani mara 73 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Ikivuka vipimo hivyo viwili kwa pamoja, mpaka kati ya gesi na kimiminika hufutika, na kinachobaki ni giligili moja ambayo ujazo wake hubeba uzito unaokaribia ule wa kimiminika, huku ikipenya na kutiririka kwa wepesi unaokaribia ule wa gesi. Wataalamu huiita giligili iliyovuka kikomo, na ndiyo hiyo ambayo kwa zaidi ya miongo mitatu wanakemia wa nchi kadhaa wamekuwa wakitafuta namna ya kuifanya nzito.

Sababu ya jitihada hiyo iko chini kabisa ya ardhi. Miamba mingi inayohifadhi gesi au mafuta ina vinyweleo vidogo ambavyo havikuungana vya kutosha, hivyo gesi hukaa humo bila njia ya kufika kisimani. Ili kuifungulia njia, wahandisi husukuma giligili kisimani kwa nguvu inayozidi uimara wa mwamba mpaka mwamba upasuke, kisha giligili hiyohiyo hubeba punje za mchanga mgumu na kuziingiza katika nyufa, ili pampu zikizimwa na ardhi ikitaka kujifunga tena, punje hizo zibaki zimeshikiza nyufa wazi. Kwa hiyo giligili ya kupasulia miamba ina kazi mbili, ya kupasua na ya kubeba, na kazi ya pili ndiyo inayodai mnato, yaani ukinzani wa giligili dhidi ya kutiririka, kwa kuwa mchanga huzama haraka katika kitu chepesi na huelea kwa muda mrefu zaidi katika kitu kizito.

Haja hiyo ya mnato ilijulikana tangu mwanzo wa teknolojia yenyewe. Jaribio la kwanza, lililofanywa mwaka 1947 katika eneo la gesi la Hugoton, jimbo la Kansas nchini Marekani, lilitumia petroli iliyofanywa nzito kwa napalm, kemikali ileile iliyokuwa imejazwa katika mabomu ya moto ya Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye maji yalichukua nafasi ya petroli, na unga wa mbegu za gwari, mmea wa jamii ya kunde unaolimwa zaidi India na Pakistani, ukawa ndio unaoyapa mnato. Njia hiyo inafanya kazi vizuri, lakini inakunywa maji kwa kiwango kinachotisha: mwaka 2014, kisima kimoja cha kawaida kilichochimbwa kwa mlalo nchini Marekani kilitumia kati ya lita milioni 15 na milioni 20. Sehemu ya maji hayo hurudi juu yakiwa yamechanganyika na chumvi na kemikali, na sehemu nyingine hubaki chini, ambako huvimbisha udongo mfinyanzi uliomo ndani ya miamba na kuziba vinyweleo vilevile vilivyokusudiwa kufunguliwa.

Hewa ukaa haina kasoro hizo mbili. Haivimbishi udongo mfinyanzi, na mgandamizo ukipunguzwa hugeuka gesi na kutoka yenyewe bila kuacha mwamba umelowa. Aidha, katika miamba yenye masalia ya viumbe vya kale, hewa ukaa hunata kwenye kuta za vinyweleo kwa nguvu kuliko methani, ambayo ndiyo gesi asilia inayotafutwa, hivyo huisukuma itoke na yenyewe ikabaki mahali pake. Wahandisi wa Kanada walikwisha kuitumia hewa ukaa ya kimiminika kubebea mchanga visimani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya karibuni China imeijaribu katika visima vya bonde la Ordos.

Kwa Tanzania, hewa ukaa si bidhaa ya kigeni. Kampuni ya TOL Gases, yenye makao yake Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam na ambayo Aprili 1998 ilikuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, huvuna hewa ukaa inayopanda kiasili kutoka ardhini katika eneo la volkano za Rungwe, mkoani Mbeya, huisafisha na kuiuza, na wateja wakubwa wa bidhaa hiyo ni viwanda vya vinywaji. Ni nchi chache zinazoweza kuchimba hewa ukaa kama zinavyochimba maji. Jambo hilo lingetosha kuwafanya wanakemia wa Tanzania wawe na hamu ya kujua giligili hii inaweza kufanya nini zaidi ya kutoa povu katika soda.

Kinachokwamisha ni wepesi wake. Mnato wa maji katika joto la kawaida ni takribani milipaskali-sekunde 1. Mnato wa hewa ukaa katika hali ya joto na mgandamizo wa chini ya ardhi ni kati ya 0.02 na 0.1 tu, yaani ni nyepesi kuliko maji mara kumi hadi mara hamsini. Giligili nyepesi kiasi hicho hupenya katika kila mwanya na kutengeneza mtandao mpana wa nyufa, jambo ambalo ni faida, lakini huvuja ndani ya mwamba kabla nyufa hazijapanuka, na mchanga hutua chini karibu na mdomo wa kisima badala ya kusafiri hadi mwisho wa ufa. Nyufa zisizo na mchanga hujifunga, na gharama yote ya kupasua huwa imepotea.

Namna ya kuongeza mnato wa giligili inajulikana vyema hata nje ya maabara. Watengenezaji wa sabuni ya maji wa Mbagala na Tandale, ambao wateja wao hupima ubora wa sabuni kwa uzito wake inapomiminwa, hutumia njia mbili ambazo ndizo zilezile za wanakemia wa hewa ukaa. Njia ya kwanza ni kutia CMC, unga unaotokana na nyuzi za mimea, ambao molekuli zake ni minyororo mirefu inayojitandaza ndani ya maji na kukwamana. Molekuli ya namna hiyo, iliyojengwa kwa vipande vidogo vilivyoungwa kimoja baada ya kingine kwa mamia au maelfu, huitwa polima, na kila kipande huitwa monoma. Njia ya pili ni kutia chumvi kwa kipimo, ambayo huzifanya molekuli ndogo za sabuni zijipange zenyewe kuwa nyuzi ndefu zinazosokotana. Katika hewa ukaa njia zote mbili zimejaribiwa, lakini ya polima ndiyo iliyofika mbali zaidi.

Ugumu ni kwamba polima haiwezi kuongeza mnato wa giligili ambayo haiyeyuki ndani yake, na hewa ukaa ni kiyeyushi dhaifu mno. Molekuli yake ina atomu moja ya kaboni katikati ya atomu mbili za oksijeni, zote zikiwa katika mstari ulionyooka, kiasi kwamba mivuto ya umeme ya upande mmoja hufutwa na ile ya upande wa pili. Unga wa gwari huyeyuka katika maji kwa sababu maji huushika kwa mivuto hiyo. Hewa ukaa haina cha kuushikia. Katika miaka ya 1980 John Heller na wenzake, huko New Mexico nchini Marekani, walipima polima nyingi zilizokuwa zikiuzwa viwandani wakitafuta itakayofaa, wakakuta kwamba nyingi hazikuyeyuka kabisa, na chache zilizoyeyuka hazikuongeza mnato wa maana. Matokeo hayo yalikuwa na faida kubwa, kwani yalionyesha wazi kuwa kiongeza mnato cha hewa ukaa hakitapatikana dukani, na kwamba ni lazima kibuniwe upya kuanzia kwenye molekuli.

Hapo ndipo kiini cha kazi yote kilipo, na msomaji anapaswa kukielewa kabla ya kuendelea. Polima inayoyeyuka kwa urahisi katika hewa ukaa ni ile ambayo sehemu zake hazivutani sana zenyewe kwa zenyewe, kwa kuwa hewa ukaa haina nguvu ya kuzitenganisha. Kinyume chake, polima inayoongeza mnato kwa nguvu ni ile ambayo minyororo yake inashikana. Sifa moja hupatikana kwa kupunguza nyingine. Mwanakemia hutafuta kipimo ambacho minyororo hushikana vya kutosha kuifanya giligili nzito, lakini si kiasi cha kujikusanya na kuzama chini kama masimbi.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1992, Joseph DeSimone na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina walipoonyesha kuwa polima zenye florini nyingi huyeyuka vizuri katika hewa ukaa iliyovuka kikomo, hata zikaweza kutengenezwa humo humo. Atomu za florini zilizouzunguka mnyororo hufanya molekuli zisivutane, na hivyo kuziweka karibu na tabia ya hewa ukaa yenyewe. Miaka minane baadaye, kundi la Robert Enick na Eric Beckman katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh lilichapisha polima iliyochanganya monoma mbili: akrileti yenye florini, ambayo kazi yake ni kuyeyuka, na stirini, ambayo kazi yake ni kushikanisha.

Utengenezaji wa polima za namna hii hufuata hatua zinazoweza kuelezwa kwa lugha nyepesi ingawa zinadai umakini mkubwa. Monoma hizo mbili, zote zikiwa vimiminika, hupimwa kwa uwiano uliokusudiwa na kuchanganywa pamoja na kianzishi, kemikali ambayo ikipashwa moto huvunjika na kutoa vipande vyenye elektroni isiyo na mwenza. Oksijeni yote huondolewa ndani ya chombo, kwa kuwa chembe zake huvidaka vipande hivyo na kuua mjibizo kabla haujaanza. Kisha mchanganyiko hupashwa moto wa wastani, kama nyuzi 60 hadi 70, kwa saa nyingi, ambapo kila kipande chenye elektroni pweke hushika monoma, monoma hiyo hushika nyingine, na mnyororo hurefuka. Mwishoni polima huyeyushwa na kumiminwa katika kimiminika kisichoiyeyusha, ikatuama ikiwa imeachana na monoma zilizobaki, kisha hukaushwa.

Uwiano uliotoa matokeo bora huko Pittsburgh ulikuwa stirini asilimia 29 na akrileti yenye florini asilimia 71, zikihesabiwa kwa idadi ya molekuli. Kila stirini ina duara la atomu sita za kaboni, na maduara hayo, yakikutana kutoka minyororo tofauti, hulaliana bapa kwa bapa na kuunganisha mnyororo mmoja na mwingine bila kuifunga moja kwa moja. Stirini ikiwa chini ya kiwango hicho, viungo huwa vichache mno. Ikizidi, maduara ya mnyororo uleule hulaliana yenyewe, mnyororo hujikunja, na mnato pamoja na uyeyukaji hupungua. Polima hiyo ikitiwa kwa asilimia 1 hadi 5 ya uzito, mnato wa hewa ukaa ulipanda mara 5 hadi mara 400, ongezeko ambalo hakuna polima isiyo na florini iliyolikaribia wakati ule.

Upimaji wake nao ni ufundi. Polima na hewa ukaa hufungiwa katika chombo cha chuma chenye dirisha la kioo kinene, na mgandamizo huongezwa mpaka mchanganyiko uwe angavu. Kisha hupunguzwa polepole mpaka wingu lianze kuonekana, na mgandamizo wa wakati huo huandikwa kuwa ndio kiwango cha chini ambacho polima hubaki imeyeyuka. Mnato hupimwa kwa kuangusha tufe au silinda ndogo ndani ya giligili na kuhesabu muda inaotumia kushuka. Polima inayodai mgandamizo mkubwa kuliko ule wa kisima haina kazi, hata kama mnato wake ni wa kupendeza kiasi gani.

Kwa kuwa florini ni ghali, na kwa sababu nyingine nzito zaidi itakayoelezwa, watafiti waligeukia polima zisizo nayo. Ya kwanza inafahamika sana Temeke: ni polivinili asetati, ambayo ndiyo kiini cha gundi nyeupe ya mbao inayotumiwa na mafundi samani wa Keko. Miongoni mwa polima za kawaida zisizo na florini wala silikoni, hiyo ndiyo inayoyeyuka vizuri zaidi katika hewa ukaa ikiwa na mnyororo mrefu, kwa sababu oksijeni zilizo pembeni mwa mnyororo wake huvutwa kidogo na kaboni iliyo katikati ya molekuli ya hewa ukaa. Lakini mgandamizo inaoudai ni mkubwa mno, hivyo peke yake haifai kisimani. Mwaka 2000 Beckman na wenzake walikwenda mbali zaidi wakatengeneza polima zenye viungo vya etha na kaboneti, ambazo sehemu ya mnyororo wake hutokana na hewa ukaa yenyewe, zikayeyuka kwa mgandamizo mdogo kuliko ilivyodhaniwa kuwa inawezekana bila florini.

Njia nyingine ni silikoni, jamii ya polima ambazo uti wake ni atomu za elementi ya silikoni na za oksijeni zikipokezana, na ambazo mafundi wa madirisha ya alumini huzitumia kuzibia pembe za vioo. Mwaka 1993 watafiti wa Chevron walionyesha kuwa silikoni ya asilimia 4, ikisaidiwa na tolwini ya asilimia 20, huongeza mnato wa hewa ukaa takribani mara 30. Tolwini, inayopatikana pia katika thina ya rangi, ni sumu na huwaka kwa urahisi, na kuisukuma ardhini kwa kiwango hicho ni kubadilisha tatizo moja kwa lingine. Kwa sababu hiyo watafiti wa baadaye, wengi wao wa vyuo vikuu vya petroli vya China, wamejikita katika kuotesha matawi na makundi ya kushikanisha juu ya silikoni ili isihitaji msaidizi.

Sababu nzito iliyotajwa hapo juu inahusu maji. Kifungo cha kaboni na florini ni miongoni mwa vifungo imara kuliko vyote katika kemia ya kaboni, na uimara huo unaoisaidia polima kuvumilia kisimani ndio unaozuia bakteria na jua kuimaliza ikishatoka. Polima zenye matawi marefu ya florini huweza kuachia, kadiri zinavyochakaa, asidi ijulikanayo kwa ufupisho wa PFOA, ambayo hukaa katika maji na katika damu ya binadamu kwa miaka. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliiweka asidi hiyo, pamoja na kemikali zinazoweza kuigeukia, katika orodha ya zile zinazopaswa kukomeshwa, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo tangu mwaka 2004.

Kiasi kinachohusika si kidogo. Ikichukuliwa kwa mfano kazi moja inayotumia tani 400 za hewa ukaa yenye polima kwa asilimia 2, polima inayoingia ardhini ni tani 8, na kisima kimoja huweza kupasuliwa mara kadhaa kwa hatua.

Ni kweli kwamba gesi inayowaka Dar es Salaam leo haikuhitaji lolote kati ya hayo. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Ubungo mwaka 2004, hutoka katika miamba ya mchanga yenye vinyweleo vinavyotosha kuipitisha, na husaidia kuendesha mitambo ya umeme, tanuri za saruji za Wazo na majiko ya baadhi ya nyumba za Mikocheni. Lakini utafutaji umekwisha kufika pia nchi kavu, karibu na watu. Mwaka 2007 gesi iligunduliwa Mkuranga, wilaya inayopakana na Temeke, na haitakuwa ajabu siku moja kampuni fulani ikaomba kupasua miamba migumu katika ukanda huo wa pwani, ikajivunia kwamba haitatumia maji bali hewa ukaa.

Ombi la namna hiyo litasikika zuri, na kwa upande mmoja litakuwa zuri. Mwaka 2022 mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukatangazwa, jiji liligeukia visima vya Kigamboni vilivyochimbwa katika hazina ya maji ya chini ya ardhi ya Kimbiji, na kaya nyingi za Mbagala, Chamazi na Toangoma zimekuwa zikiishi kwa maji ya visima muda mrefu kabla ya hapo. Teknolojia inayookoa mamilioni ya lita za maji ya juu ya ardhi ina thamani kubwa katika mazingira kama hayo. Hata hivyo, ikiwa hewa ukaa hiyo imefanywa nzito kwa polima ya florini, basi maji yaliyookolewa mtoni yamewekwa rehani chini ya ardhi, na madai ya usafi hayana msingi. Polima iliyoshinda zote katika maabara ndiyo ambayo nchi inayokunywa maji ya visima haipaswi kuikubali; zile za silikoni, za asetati na za kaboneti, ingawa mnato wake bado ni mdogo, ndizo zinazostahili fedha na muda wa watafiti.

Tanzania ina sababu na uwezo wa kushiriki katika utafiti huo badala ya kuusubiri. Hewa ukaa yake inatoka Rungwe, wanakemia wake wanafundishwa Mlimani, na kipimo cha wingu na cha mnato hakidai mtambo mkubwa kama wa kiwanda. Kwa upande wa sheria, Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli, PURA, iliyoundwa kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, zina nafasi ya kudai mapema kwamba kila mwombaji ataje kwa jina polima anayokusudia kuisukuma ardhini, kiasi chake na kile inachogeuka ikichakaa, na kwamba zenye matawi marefu ya florini zikataliwe tangu kwenye maombi. Masharti hayo yaandikwe sasa, kabla kisima cha kwanza cha namna hiyo hakijaombewa kibali.